Hesabu ya Wahamiaji wa Mumbata

Vijana wangu wa ofisini, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na kuniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Saa ilisimama wiki ya pili, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo. Habari za vyeo nitaziruka kwa kuwa ni fupi, na za mishahara nitaziruka kwa kuwa mnazijua. Nitawaeleza habari za bata, na hasa habari ya barua moja niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ikawakimbiza watu ambao sikuwa na ugomvi nao.

Niliripoti Kasulu nikiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na cheti cha chuo kilichosema ninajua tabia za simba, tembo na nyati. Aliyenipokea ni Mzee Zabroni, askari wa wanyamapori wa siku nyingi, mtu mfupi mwenye vidole vinene na ulimi mkali. Alilitazama shati, akakitazama cheti, akacheka mpaka akakohoa.

"Umetumwa kwa simba wewe?" aliniuliza. "Simba wana wenyewe huko mbugani. Huku kwetu kuna bata. Na hilo shati livue, bata watakuona ukiwa bado Kasulu."

Nilikabidhiwa baiskeli isiyo na breki na darubini inayoona upande mmoja. Siku zile kila mtu wa idara yetu aliitwa Bwana Nyama, jina walilolirithi wazee tangu enzi za mkoloni, na watu wa vijijini walilichukua kwa uzito wake wote. Nikifika mahali, akina mama walikuwa wanachungulia kwenye kibebeo cha baiskeli kuona nimeleta nyama gani. Kwa miaka thelathini na ushee sijawahi kuleta hata paja la sungura, na jina halikunitoka.

Mzee Zabroni alinifundisha kuhesabu. Msicheke, kuhesabu bata si kazi ya mtoto wa darasa la pili. Bata wa kwetu ni wale wadogo wenye uso mweupe kama waliobusu gunia la unga, wanaopiga mluzi wakiruka. Hawakai foleni. Unahesabu kumi kwa makini, unaangalia hao kumi wamejaza nafasi kiasi gani kwenye darubini, kisha unaupima umati wote kwa hiyo nafasi ya kumi. Unaandika kwa penseli, maana wino na umande havipatani. Ukisahau ulipofika, unaanza upya, na usiongeze wa kufikirika ili kujifariji. "Nambari ya uongo," alikuwa akisema, "inatembea haraka kuliko wewe na baiskeli yako." Nilidhani anatania baiskeli.

Mahali alikonipeleka mara ya kwanza ni bonde la Mumbata, upande wa Titye. Anayejua Kiha hahitaji kuelezwa: imbata ni bata, na Mumbata ni kwenye bata. Wakati ule lilistahili jina lake. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko mtu, katikati kulikuwa na maji yenye yungiyungi, na kiangazi, vijito vingine vyote vilipokauka, bata wa nchi nzima, au ndivyo nilivyoona kwa jicho moja la darubini, walisongamana pale. Msimu wa uwindaji ulikuwa unafunguliwa kiangazi hichohicho. Wenye bunduki walikuja na vibali, sisi tukakagua vibali na kuhesabu walichoua, wanakijiji wakatega vitanzi vyao tulivyojifanya hatuvioni, na bata wakabaki wengi tu. Kila mmoja alijua mwenzake atakuwa wapi na lini.

Halafu bonde likabadilika, taratibu, bila mtu wa kulaumiwa, kama inavyosemwa kwenye taarifa. Juu kabisa, kijito kinapoingia bondeni, watu wenye nafasi zao mjini walichimba mfereji, wakaleta pampu, wakapanda nyanya na vitunguu vya kiangazi. Chini yao wakulima walifyeka mafunjo, wakakata majaruba ya mpunga. Miaka michache tu, ukienda Mumbata kiangazi unakuta ufa ardhini unaoingia kandambili. Ukienda wakati wa mvua unakuta ziwa la mpunga wa kijani kibichi.

Kwenye semina walituambia chanzo ni wakimbizi. Kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena, bonde liliharibika kwa sababu ya wakimbizi. Kambi ilipofungwa na watu wake wakaondolewa, bonde likaendelea kuharibika kwa sababu ya wakimbizi walioondoka. Mtendeli na Mumbata ziko mbali kiasi kwamba mkimbizi anayekwenda kuharibu bonde angehitaji nauli. Nilinyoosha mkono nikauliza habari za pampu. Mwezeshaji akasema hilo ni swali zuri sana, tukaenda kunywa chai.

Bata hawakunywa chai. Walibadilisha ratiba. Kiangazi, maji yalipokosekana, waliacha kuja, wakabaki kwenye mabwawa makubwa ya mbali. Wakaanza kuja wakati wa mpunga, mara mbili: miche inapokuwa midogo, wanaikanyaga na kuing'oa, na tena punje zinapokomaa, wanakula kabla ya mwenye shamba. Tukaendelea kutoa vibali vya kuwawinda kiangazi, kwa sababu bata walikuwa wamebadilika lakini fomu ilikuwa haijabadilika.

Nakumbuka mwindaji mmoja aliyekuja na gari zuri na nguo zenye picha za majani, majani ya mti ambao haujawahi kuota wilaya ya Kasulu. Alijilaza nyuma ya kichuguu asubuhi mpaka saa tisa, akiielekezea bunduki ardhi iliyopasuka. Kilichopita ni mbuzi wawili na mimi.

"Mzee, hawa bata wako wapi?"

"Walikuja wakati wa mpunga, wakaondoka."

"Sasa mbona hamkuwazuia?"

"Tuliwaandikia barua," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema huduma zetu zina changamoto.

Mama Goreti nilimfahamu kwa sababu ya ratiba hiyo mpya. Alikuwa mjane, na wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni. Uraia wa Tanzania aliupata ukubwani, kwa karatasi zote zinazotakiwa. Jaruba lake lilikuwa la mwisho kabisa chini bondeni, mahali ambapo maji hukaa zaidi, na kwa hiyo bata pia. Siku ya kwanza aliingia ofisini kwetu na kitita cha miche iliyong'olewa, akakiweka juu ya meza yangu, matope na yote.

"Bwana Nyama, mwakeye," aliniamkia. "Hizi imbata ni zako?"

"Ni za serikali, mama."

"Ego, ndiyo. Basi iambie serikali ije iamie ndege wake."

Kuamia, kwa ninyi mliosomea mjini, ni kukaa shambani na kuwafukuza ndege wasile nafaka: debe, kombeo, kelele, tangu kunapopambazuka mpaka jua lizame. Ndiyo kazi iliyokuwa inalinda mpunga wa Mumbata, wala si sisi. Mama Goreti na binti yake walikuwa waamiaji hodari. Alikuwa na debe lililotobolewa ambalo sauti yake ilinifikia kabla sijaliona bonde. Mpunga wa jaruba lile ulikuwa chakula chao cha mwaka. Hakuwa na shamba jingine.

Sasa tunafika kwenye akili yangu nyingi. Kwa miaka kadhaa hesabu yetu ya bata ilikuwa ikifanyika kiangazi, na kila mwaka nambari ilikuwa inashuka. Nikapendekeza hesabu iwafuate bata: tuhesabu wakati mpunga unakomaa. Wakubwa wakanisifu, wakaniambia niandae barua kwa kijiji. Nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: ZOEZI LA KUHESABU NDEGE WAHAMIAJI. Wengine husema ndege wahamao, na leo nawaelewa. Kwenye mwili wa barua sikuona sababu ya kurudia neno ndege kila mstari. Nikaandika wahamiaji tu, kwa kuwa msomaji ameshajua.

Msomaji alikuwa kijana mwenye pikipiki na spika, anayetangazia kijiji misiba, chanjo na mechi. Hakuna mtangazaji duniani anayesoma kichwa cha habari. Jioni alizunguka Mumbata yote akitangaza, neno kwa neno, nilivyoandika:

"Mnatangaziwa kuwa kesho alfajiri maofisa watafika bondeni kuhesabu wahamiaji wote waliomo. Wahamiaji hao wasishtuliwe wala wasifukuzwe mpaka hesabu ikamilike. Baada ya hapo hatua nyingine zitafuata."

Someni tena hayo maneno, mkikumbuka tunaishi wapi. Mpaka uko pale, ukipanda kilima unauona. Humu kila familia ina mtu aliyewahi kupakiwa kwenye gari kwa sababu ya jina lake au namna anavyotamka. Na si wenye asili ya Burundi peke yao. Sisi Waha wenyewe, tuliozaliwa hapa babu na babu, hatujawahi kupata mtu wa Dar akaikubali lafudhi yetu mara ya kwanza.

Mimi nilifika alfajiri. Bonde lilikuwa kimya. Hakuna debe, hakuna kombeo, hakuna mtoto anayezomea. Nikajisemea, angalia watu waliostaarabika, wameambiwa wasiwashtue ndege na wametii! Nilifurahi kweli. Bata walishuka kwa makundi, mluzi juu ya mluzi, wakafunika majaruba yote ya chini. Nilihesabu kumi, nikapima, nikaandika, nikaanza upya kwa uhakika, nikaandika tena. Nambari niliyoipata sikuwahi kuiona tangu Mzee Zabroni aninyang'anye shati jeupe. Nilisimama pale nikitabasamu, nikitazama chakula cha watu kikiliwa.

Niliporudi kupitia kijijini ndipo nilipoona milango. Nyumba baada ya nyumba zilikuwa zimefungwa. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa kamba fupi analia. Kwa Mama Goreti, chungu cha maharage kilikuwa bado juu ya mafiga na moto umezimwa kwa maji. Nikamkuta mzee mmoja kipofu ameketi kizingitini, nikamuuliza watu wako wapi.

"Wamekimbia wanaohesabu," akasema. "Wewe ni nani?"

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, tukaisoma barua pamoja, kwanza na kichwa chake, kisha bila kichwa. Mtendaji alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Tulimtuma kijana wa spika arudi kutangaza kwamba ni ndege, ndege tu. Lakini waliokuwa wamejificha msituni hawakusikia, na waliosikia walidhani ni mtego.

Mama Goreti alirudi siku ya tatu. Nilimkuta jarubani kwake. Mabua yalikuwa yamelala, masuke yamepukutishwa, na matope yote yana alama za miguu yenye utando. Binti yake alikuwa anaokota punje moja moja kuziweka kwenye bakuli.

"Mana yanje," alimwita Mungu wake, si mimi. Kisha akanigeukia. "Ulizihesabu?"

"Nilizihesabu, mama."

"Zote zilishiba?"

Nilimwambia ni kosa langu, kwamba nilikuwa ninamaanisha ndege. Nilimuuliza, kama mtu asiye na adabu, kwa nini yeye alikimbia na wakati ni raia kamili.

"Mimi ni raia, Bwana Nyama," akanijibu. "Miguu yangu ndiyo bado haijajua."

Niliona aibu ambayo sijaizoea mpaka leo. Mwaka ule Mama Goreti na binti yake walikula mihogo ya kulimia kwa watu, na kila nilipopita aliniamkia vizuri, jambo lililoniumiza zaidi kuliko angenitukana.

Ningependa kusema hapo ndipo mwisho. Lakini nambari, kama nilivyoonywa, ilikuwa imeshatangulia. Nilikuwa nimeituma siku ileile ya hesabu, kwa simu, kabla ya kupita kijijini, kwa furaha. Baada ya muda ikarudi barua ya pongezi. Ilisema bonde la Mumbata limeonyesha dalili nzuri za kuimarika, kwamba ongezeko la ndege linatokana na utulivu, na kwamba inapendekezwa wakulima wa bonde la chini waondolewe ili utulivu huo uwe wa kudumu. Bonde la chini tu, someni vizuri. Pampu za juu hazikutajwa, nadhani kwa kuwa bata hawatui kwenye nyanya.

Nilipanda basi mpaka kwa mkubwa wangu. Sitamtaja, na si mtu mbaya. Alikuwa ameishaweka nambari yangu ukutani kwa mchoro wa rangi.

"Mkuu, naomba kuifuta ile hesabu."

"Ulikosea kuhesabu?"

"Hapana. Nilihesabu sawasawa. Bata walikuwa wengi kwa sababu watu walikuwa wamekimbia."

"Walikimbia nini?"

"Barua yangu."

Aliugeukia ule mchoro. "Unataka nikaandike huko juu kwamba ndege wameongezeka kwa sababu ya kosa la Kiswahili?"

"Ndiyo, mkuu."

"Na bonde halijaimarika?"

"Bonde ni mpunga wa watu, mkuu. Bata walikuja kula. Ukiwaondoa wakulima hakutakuwa na mpunga, wala hakutakuwa na maji, maji yote yanaishia juu. Bata hawatakuwa na sababu ya kutua. Tutakuwa tumewafukuza wote wawili kwa gharama ya barua moja."

Aliniambia nifikirie vizuri, nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nikamwambia ndiyo maana nina ujasiri. Niliandika maelezo kurasa mbili, safari hii nikirudia neno ndege katika kila mstari mpaka yakasomeka kama wimbo wa chekechea. Nilieleza barua, tangazo, nyumba zilizofungwa, jaruba la Mama Goreti. Nilieleza na pampu, ingawa sikuulizwa. Walikuja watu watatu wakalitazama bonde, wakavua viatu, wakavaa. Pendekezo la kuondoa wakulima halikufutwa rasmi. Lilikwenda kulala kwenye faili. Pampu ziko palepale. Msinipigie makofi.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikaomba radhi kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, ili asiwepo wa kunielewa nusu. Halafu Mama Goreti akauliza kutoka nyuma: "Mwaka huu utakuja tena kuhesabu?" Nikasema nitakuja, ni kazi yangu. "Basi uje kutangaza mwenyewe, kwa mdomo wako. Sema imbata. Imbata hakuna anayeikimbia."

Nilifanya hivyo. Ilikuwa hesabu yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, mpunga ukiwa umekomaa tena. Nilipanda ile pikipiki nyuma ya kijana wa spika, nikazunguka kijiji kizima jioni nikipaza sauti: imbata, kesho tunahesabu imbata, kila mtu aendelee na shughuli zake. Watoto walinikimbilia wakiniita Bwana Bata. Usingizi haukunijia. Nilikuwa naogopa nitakuta milango imefungwa.

Kulipopambazuka nilisikia debe. Halafu la pili, halafu bonde lote likalipuka: madebe, makombeo, watoto, wanawake wanazomea kwa Kiha, Kirundi na Kiswahili. Bata walikuja, wakazunguka mara moja, mara mbili, wakapiga mluzi wao wa kulalamika, wakaelekea kusini. Hakutua hata mmoja. Mama Goreti alikuwa kwenye jaruba lake la mwisho, masuke yamemfika kiunoni, debe mkononi.

"Bwana Nyama!" alinipigia kelele. "Shuka kwenye ukingo wangu, unabomoa! Maji yatatoka!"

Nikashuka haraka, nikasimama njiani, nikatoa penseli. Kwenye nafasi ya idadi niliandika sifuri. Fomu mpya ina nafasi ya sababu, na sifuri lazima ielezwe. Nikaandika: waamiaji wapo. Nikalisoma tena neno hilo, nikamfikiria mtu wa kompyuta huko mjini ambaye ataona nimesahau herufi moja na kuniongezea h kwa wema wake. Nikalikata kwa mistari miwili. Juu yake nikaandika: wenyewe wapo.